Viatu Vilivyobebwa Mkononi

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya miti ya misheni ya Gare, Shamsa alitoka nyumbani akiwa na sare safi, sweta la bluu na miguu mitupu. Mkononi alishika mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko huo mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa.

Hakuwa peke yake. Watoto wote wa kitongoji chao, kilichokaa juu kabisa ya mteremko, walishuka hivyo hivyo, miguu chini na viatu mkononi. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, ikipita kati ya matuta ya kabichi na miti ya mapeasi, na mvua ikinyesha iliteleza kama imepakwa mlenda. Chini bondeni palikuwa na kijito, na kando ya kijito jiwe pana. Hapo watoto walikaa kwa zamu, wakaosha miguu, wakavaa viatu, kisha wakapiga hatua chache tu hadi lango la shule, ambako mwalimu wa zamu alikuwa akikagua. Asiye na viatu vyeusi hakuingia. Jioni mambo yaligeuka. Viatu vilivuliwa pale pale jiweni, vikarudi mfukoni, na miguu mitupu ikapanda mlima.

Viatu vya Shamsa vilikuwa vimevaliwa na dada zake wawili kabla yake, lakini soli hazikuwa na mkwaruzo. Zilikuwa zimepanda na kushuka mlima ule miaka sita, muda wote zikiwa mfukoni.

Asubuhi moja ya Julai, mwaka Shamsa alipokuwa darasa la tano, baridi ilikuwa imekaza hata hakuvisikia vidole vyake. Akakanyaga kipande cha jembe kilichofukiwa na udongo. Alipofika jiweni, damu ilikuwa imechora njia nyuma yake. Aliuangalia mguu uliopasuka, akaviangalia viatu vyake vizima mfukoni, akakasirika. Hakumkasirikia mtu. Alikasirikia viatu.

Jioni mama yake, Bi Tatu, alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

"Mama, viatu ni vya nini?" Shamsa aliuliza.

"Vya kuingilia shuleni."

"Na njiani je?"

"Njiani una miguu. Mguu ukiumia unapona, mwanangu. Kiatu kikichanika hakiponi."

Shamsa alinyamaza, lakini si kwa kukubali. Waliomjua walisema mtoto huyu akinyamaza namna hiyo, kuna jambo linapikwa.

Na kweli lilipikwa. Kidonda kilipofunga, Shamsa alivaa viatu vyake mlangoni kwao, mbele ya watu, akaanza kushuka. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu hakuipiga, ilijipiga yenyewe. Alishuka mteremko kwa makalio, akavuka matuta mawili ya kabichi za jirani na kusimama kwenye la tatu. Soli ya kiatu cha kulia ikaachama. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Hata rafiki yake Perpetua alicheka, ila yeye alikuja kumpa mkono.

"Utampelekea fundi Zabron mwenyewe," Bi Tatu alisema alipoiona ile soli. "Na umweleze ulichofanya. Mimi sina mdomo wa kusema."

Fundi Zabron alikuwa mtu wa kuja. Alizaliwa mbali, huko Kigoma, akaletwa Usambara na kazi ya kuchuma chai kule Bulwa. Miguu ilipochoka na mashamba ya chai alijifunza kushona viatu, akaoa Gare, akabaki. Kishambaa chake watu walikicheka tangu siku hizo, naye aliendelea kukisema bila haya. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, bati moja juu ya nguzo nne.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani kakiua hiki?"

"Mimi. Nilikivaa."

"Wapi?"

"Njiani. Kwenye mteremko."

Zabron akavua miwani. Alikuwa ameletewa viatu vilivyobana, vilivyotafunwa na panya na vilivyosahauliwa darini, lakini hakuna mtoto aliyewahi kumletea kiatu kilichoharibiwa kwa kutembelewa.

"Kiatu hiki kimetengenezewa lami," alisema, akikigeuza. "Huko kwenu lami iko wapi?"

"Kwa nini hawatengenezi cha huku?"

"Wanaotengeneza hawajafika huku. Wangefika, wangeteleza."

"Basi nitatengeneza mimi."

Zabron alicheka. "Hii kazi ya wanaume, mwanangu. Inachafua, inanuka, inatoboa vidole."

"Na jembe je, linanukia? Mbona mama analishika kila siku?"

Fundi akaacha kucheka. Alimtazama mtoto yule mwembamba mwenye udongo hadi masikioni, akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Shika kiatu hapa, usikitingishe."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi akitoka madrasa Shamsa alikwenda kwa Zabron. Alijifunza kunoa kisu, kutoboa ngozi, kukata soli kutoka tairi kuukuu, kupaka gundi na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kubana. Baba yake alinung'unika kwamba binti hakai barabarani na tairi mapajani. Wanawake waliopita na mizigo ya kuni walimtania.

"Shamsa, siku ya harusi yako tutakuletea tairi!"

"Leteni la lori," alijibu bila kuinua kichwa. "Lina soli nyingi."

Ilipofika Februari, Shamsa alishona jozi yake ya kwanza. Juu ilikuwa ngozi nyeusi ya viatu viwili vikuukuu, chini soli ya tairi la gari. Aliishonea miguu ya Perpetua, iliyolingana na yake, kwa sababu viatu vya Perpetua vilikuwa vimekufa kabisa na mwalimu wa zamu alishamrudisha nyumbani mara mbili.

"Kabla hujampa," Zabron alimwambia, "vivae wewe wiki nzima. Kupanda na kushuka."

Jumamosi ile ile Shamsa alivivaa kupanda kwenda kwao. Vilikamata udongo vizuri, karibu alie kwa furaha. Jumapili alishuka navyo kijitoni kuchota maji, akateleza mara mbili. Alijiambia ni ndoo iliyomwelemea. Jumatatu hakuweza kusubiri tena. Wiki nzima angekuwa anakaa navyo tu, na Perpetua angekuwa amesimamishwa langoni!

"Umevijaribu?" fundi aliuliza alipompitia kibandani kabla ya shule.

"Nimevijaribu."

"Na kushuka havitelezi?"

"Havitelezi, fundi."

Ulikuwa uongo mdogo, na ulimtoka kirahisi. Asubuhi ile ile akampa Perpetua viatu.

Kwa siku nne Perpetua alikuwa malkia wa njia ile. Alipita jiwe la kunawia bila kukaa, akawaacha wenzake wakisugua matope, akaingia langoni kichwa juu. Watoto walimzunguka Shamsa wakitaka vyao. Siku ya tano ilikuwa siku ya gulio. Mama yake Perpetua alimtwika ndoo ya mapeasi ayapeleke barabarani kabla ya shule. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Katikati ya mteremko miguu yote miwili ilimtoka kwa pamoja. Ndoo iliruka, mapeasi yakabingirika hadi kijitoni, na Perpetua akaangukia mkono wa kushoto. Waliokuwa karibu waliusikia ukivunjika.

Shamsa alipokwenda kumwona, Perpetua alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta ngumu.

"Ni haraka zangu," Perpetua alisema. "Mama ameniambia nina papara, na ni kweli."

Hakuna aliyevitaja viatu. Watu wa milimani huteleza tangu wakijifunza kutembea, nani angevishuku? Kama Shamsa angefunga mdomo, habari ingeishia hapo. Angeendelea kuwa fundi mdogo wa Gare, na watoto wangeendelea kumzunguka. Aliuangalia ule mkono mweupe wa plasta, akajua kwamba akitoka chumbani humo bila kusema, hatasema milele.

"Si papara zako," alisema. "Ni viatu. Nilivijaribu kushuka, vikateleza, nikanyamaza. Fundi aliponiuliza, nikamdanganya."

Mama yake Perpetua, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha uji, alikiweka chini. Kisha akasema, "Shamsa, nenda nyumbani." Perpetua aligeukia ukutani.

Kabla ya jioni kitongoji kizima kilikuwa kimejua. Waliomtania sasa walimsema. Si tuliwaambia? Mtoto wa kike na tairi wapi na wapi? Kesho yake Shamsa alikwenda kwa Zabron na vile viatu alivyorudishiwa, akaiweka sindano mezani.

"Nimeacha."

Zabron hakuigusa sindano. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Umenidanganya, na hilo tutalimaliza mimi na wewe. Lakini kwanza niambie. Kijiji kizima kilikuambia uache, ukakataa. Leo unaacha kwa nini?"

"Kwa sababu walikuwa wanasema kweli."

"Walisema mwanamke hawezi. Hicho sicho kilichomwangusha mwenzako. Kilichomwangusha ni soli mbaya na mdomo uliofungwa. Lete kiatu."

Alikigeuza, akamwonyesha mitaro ya tairi. Ilikwenda kwa urefu, kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Zabron akamwaga maji ya tope kisiginoni, nayo yakateleza moja kwa moja mpaka mbele.

"Ukaidi unao," alisema. "Sitaki uupoteze. Ila uanze nao kwenye kazi yako. Ikiwa mbovu, ikatae wewe kabla haijamfikia mtu."

Shamsa alipanda kwenda kwao taratibu, kichwa chini. Alipoinua macho alimwona baba yake shambani, akitengeneza matuta yaliyobomolewa na mvua. Matuta yalikingama mteremko, moja juu ya jingine, na maji yalipofika kwenye kila tuta yalitulia. Tangu azaliwe alikuwa akiyaona matuta yale, na siku ile ndiyo aliyaona kweli. Mlima mzima ulikuwa umezuiliwa usiteremke, na kilichouzuia ni mistari iliyokingama. Naye alikuwa ameshona viatu vyenye mifereji inayoteremka!

Akageuka, akakimbia hadi kibandani akiwa anahema. "Fundi! Nataka kuchonga matuta kwenye soli!"

Alichonga matuta kwa kisu, yakikingama, ya mbele yakiwa mafupi na ya kisigino marefu zaidi, kwa sababu mtu akishuka hukanyagia kisigino. Safari hii alijaribu mwenyewe masika nzima. Alianguka mara kumi na moja, na kila akianguka alirudi kuchonga upya. Mvua zilipokwisha alikuwa hajaanguka kwa siku ishirini. Akampelekea Perpetua jozi mpya.

Mkono wa Perpetua ulikuwa umeunga, ingawa kiganja hakikugeuka vizuri kama zamani. Alimsamehe Shamsa, wakarudi kushuka pamoja asubuhi. Lakini viatu alivirudisha.

"Wewe nakupenda," alisema. "Viatu vyako sivivai tena."

Neno hilo Shamsa alikaa nalo miaka mingi.

Alimaliza shule akapata nafasi kwenye chuo cha kazi za ngozi, mbali na milimani, mahali pa joto ambako hakuna hata kilima cha kukalia. Darasani wasichana walikuwa wawili. Mwalimu aliwaambia wachore kiatu chochote wakipendacho. Wenzake walichora viatu vya harusi, vya visigino virefu, vya kuchezea mpira. Shamsa alichora kiatu kifupi chenye soli ya matuta na mdomo wa juu uliobana ili tope lisiingie.

"Hiki ni cha nani?" mwalimu aliuliza.

"Cha mtoto wa darasa la tano anayeshuka mlima na vitabu, mvua ikinyesha."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Andika jina kwenye mchoro wako," alisema. "Fundi hutengeneza alichoambiwa. Mbunifu huuliza kwanza ni cha nani na atakivaa wapi. Wewe umeshauliza."

Aliporudi milimani alipanga chumba karibu na soko mjini Lushoto, akaandika mlangoni SHAMSA, MBUNIFU WA VIATU. Watu walisoma, wakaingia kuomba wabandikiwe soli, naye aliwabandikia. Kwa ajili ya viatu vyake alihitaji kalibu za mbao, zile zinazochongwa kwa umbo la mguu ili ngozi ivutwe juu yake. Alimpata seremala mmoja kijana, Yusufu, ambaye alimletea kalibu ya kwanza ikiwa mbaya. Shamsa akaikataa. Ya pili akaikataa. Ya tatu akaikataa pia, na Yusufu badala ya kukasirika akamwomba avue kiatu, apime mguu wake halisi. Ya nne ilikubaliwa. Mwaka uliofuata walioana. Shangazi yake Yusufu alinong'ona jikoni kwamba bibi harusi ananuka gundi.

"Na mimi nanuka vumbi la mbao, shangazi," Yusufu alijibu. "Nyumba itanukia kazi."

Walipata binti, wakamwita Salama. Alikulia chini ya meza ya mama yake, akichezea vipande vya ngozi, na alipofika umri wa shule alipelekwa kwa bibi yake, Bi Tatu, kule Gare, kwa sababu bibi alikuwa amebaki peke yake na alimtaka mjukuu kuliko alivyotaka chakula. Ijumaa moja Shamsa alipanda kumwona. Akamkuta Salama anarudi kutoka shuleni, miguu mitupu, viatu mfukoni.

Shamsa alisimama pale njiani kama aliyepigwa kofi. Vilikuwa viatu alivyomshonea mwenyewe, vya soli ya matuta.

"Kwa nini hukuvivaa, mwanangu?"

"Watoto wote wanabeba, mama. Mwalimu Perpetua mwenyewe anabeba vyake."

Perpetua alikuwa sasa mwalimu mkuu wa shule ile. Na Shamsa alielewa mara moja kwamba kama Perpetua hajavaa, hakuna mzazi wa mlima ule atakayemvalisha mwanawe.

Wakati huo huo mjini akatokea bwana Alen. Alikuwa muuzaji mkubwa wa sare za shule, na pia ndiye mwenye kile chumba alichopanga Shamsa. Alikuja na furaha usoni.

"Dada Shamsa, nataka viatu vya shule nyingi za wilaya. Jina lako limeanza kujulikana. Tutaliandika ndani, Shamsa wa Lushoto. Ila hizi soli zako zinachelewesha kazi. Nitakuletea soli nyepesi, laini, zimeshatengenezwa tayari. Wewe bandika tu."

"Hizo zinateleza, bwana Alen."

"Mzazi dukani anaangalia juu. Nani anaangalia soli?"

"Anayeanguka," alijibu Shamsa.

Bwana Alen alicheka kidogo, akaona hajachekewa, uso ukabadilika. Alisema kazi ni hiyo, na kama haitaki, basi chumba chake yupo mtu mwingine anayekitaka. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi.

Jioni ile Shamsa hakuona haya kulia. Alikuwa amekijenga chumba kile msumari kwa msumari. "Nikikubali, jina langu litaingia katika kila nyumba," alimwambia mumewe.

"Litaingia kwenye soli gani?" Yusufu aliuliza.

Shamsa akafuta machozi. Asubuhi alikwenda kwa bwana Alen kabla duka halijafunguliwa, akamwambia hapana. Hakuomba aongezewe siku. Walipakia kalibu zote kwenye matenga ya kabichi, wakapanda Gare. Fundi Zabron alikuwa bado yupo, macho yamefifia, kibanda kimekaa bure.

"Shikamoo, fundi. Nimefukuzwa mjini."

"Marahaba. Kwa uongo au kwa ukweli?"

"Kwa ukweli."

"Basi kigoda chako kile pale," alisema.

Watu walisema, hawakosi cha kusema. Mbunifu karudi kwenye bati! Shamsa aliwaacha waseme, akachonga matuta yake. Wiki ya pili, mtu alisimama mbele ya kibanda na mwavuli. Alikuwa mwalimu Perpetua.

"Nimesikia umemkatalia Alen."

"Nimemkatalia."

"Kwa ajili ya soli?"

"Kwa ajili ya mkono wako," Shamsa alisema. "Sijawahi kuusahau hata siku moja."

Perpetua aliutazama mkono wake wa kushoto, ambao baridi ikija ulimuuma mpaka begani. Akafunga mwavuli, akakaa, akanyoosha mguu. "Nipime. Lakini nitajaribu mwenyewe. Kushuka. Na ndoo ya mapeasi kichwani."

Siku yenyewe ilikuwa ya Machi, mvua imenyesha siku tatu mfululizo na haijaisha. Kitongoji kizima kilitoka. Watoto walipanga mstari kando ya njia, Salama akiwa mbele. Bi Tatu alishika kichwa. "Huyu mwanangu atamuua mtoto wa watu mara ya pili!" Shamsa alisimama chini, jiweni, kwa sababu alitaka kuziona soli zikija.

Mwalimu Perpetua akajitwika ndoo, akaanza kushuka. Hakufanya haraka. Katikati ya mteremko, pale pale pa zamani, mguu wa kulia uliteleza. Watu wakapiga yowe. Uliteleza upana wa kiganja, matuta ya kisigino yakauma udongo, ukasimama. Ndoo ikayumba, peasi moja likadondoka na kubingirika peke yake mpaka miguuni kwa Shamsa. Perpetua akavuta pumzi, akaendelea. Alipofika kijitoni hakukaa jiweni. Aliyavuka maji na viatu vyake, akatua ndoo langoni, akageuka kuwatazama wazazi waliokuwa wamejipanga mlimani na miguu mitupu.

Shamsa aliliokota lile peasi, akaliosha, akalipasua kwa kisu chake cha kazi. Wakalila wawili, yeye na Perpetua, mbele ya watu.

Muhula uliofuata, kamati ya shule ilikubali viatu vya soli ya matuta kuwa viatu vya shule. Mstarini, asubuhi ya kwanza, mwalimu Perpetua aliwaita Shamsa na fundi Zabron mbele. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, watoto wote wauone kiganja kisichogeuka.

"Mkono huu ulivunjwa na kiatu alichoshona mama Salama akiwa na umri wenu," alisema, na watoto wakaguna. "Hakuna aliyekuwa anajua. Mimi mwenyewe nilijilaumu. Angenyamaza, leo angekuwa fundi wa viatu vibovu mwenye sifa nyingi, na nyinyi mngekuwa mnavunjika. Alikuja akasema, ni mimi. Mnawasikia watu wakimwita mkaidi. Ni kweli, ni mkaidi. Aliwakatalia waliosema msichana hashoni viatu. Alimkatalia tajiri. Lakini kwanza aliukataa uongo wake mwenyewe, na huo ndio ulikuwa mgumu kuliko yote. Mkitaka kuwa wakaidi kama yeye, sitawazuia. Anzeni hapo alipoanzia."

Zabron alikohoa. "Na mjaribu kushuka," aliongeza, "si kupanda tu."

Watoto wakacheka. Kengele ikalia, wakaingia madarasani, viatu vyote vikiwa na tope jekundu mpaka mdomoni, na mwalimu wa zamu hakumrudisha hata mmoja. Shamsa alibaki peke yake akashuka hadi kijitoni. Jiwe la kunawia lilikuwa kavu. Alikaa juu yake kidogo, akiwa na viatu miguuni, kisha akainuka akapanda kwenda kazini.